Dabi ya Kariakoo bila watu wa Kariakoo

Kila Simba na Yanga zinapokaribia kukutana, magazeti na redio huanza kutuimbia "Dabi ya Kariakoo". Sina ugomvi na jina hilo. Mimi mwenyewe ni mtoto wa Mtaa wa Narung'ombe na nikilisikia nanyoosha mgongo. Ila tuambizane ukweli. Mechi inachezwa Temeke, Uwanja wa Benjamin Mkapa. Simba wana viwanja vyao vya mazoezi Bunju, kaskazini kabisa mwa jiji. Yanga kwa misimu kadhaa wamekuwa wakijifua Avic Town, ng'ambo huko Kigamboni. Wachezaji wanaishi kwenye nyumba zenye geti na nafasi ya kuegesha magari. Na sisi mashabiki tunatoka Mbagala, Chanika, Gongo la Mboto, Kivule, Kimara na Tegeta. Sasa Kariakoo inaingia wapi hapo?

Inaingia kwenye majengo mawili. Moja la Simba, Mtaa wa Msimbazi. Jingine la Yanga, makutano ya Twiga na Jangwani. Ukitoka moja kwenda jingine hata jasho halikutoki. Zamani katikati ya majengo hayo palikuwa na watu. Leo pana mali: vitambaa, vyombo, viatu, simu, mabegi, vipodozi, na ghorofa juu ya ghorofa za kuhifadhia mali hiyo.

Nataka nieleweke vizuri. Sisemi mapenzi ya Simba na Yanga yamepungua. Yamezidi, tena yamevuka mipaka ya nchi. Kilichokufa ni ujirani, na ujirani ule ulikuwa na kazi ambayo hakuna aliyepewa tangu wenyeji tuondoke: kumfanya kiongozi wa klabu na mchezaji wake wajue kwamba wana watu wa kuwajibu, leo jioni, ana kwa ana.

Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Mwaka uliofuata waliojitenga wakaunda timu yao, ikapita majina kadhaa, ikaitwa Sunderland, na mwaka 1971 ikawa Simba. Hizo zilikuwa timu za vijana wa mitaa hii, waliokaa kwenye nyumba hizi, waliosali na kuoa na kuzikana humu. Chama cha TANU nacho kilizaliwa mwaka 1954 mitaa hiyohiyo, New Street, ambao sasa ni Mtaa wa Lumumba. Mpira, siasa, dansi na taarabu vilitoka kwenye baraza zilezile, kwa watu walewale.

Nyumba yetu ilikuwa ya Kiswahili hasa. Vyumba sita, vitatu huku vitatu kule, ukumbi mrefu katikati, na uani jiko, bafu, choo na bomba moja la maji. Vyumba viwili vyetu, vinne vya wapangaji: fundi cherehani, mpishi wa hoteli ya mjini, mama mmoja muuza samaki wa kukaanga na watoto wake, na beki wa Simba. Baba alikuwa Yanga wa kadi. Mama alikuwa Simba, na alimpenda yule mpangaji kuliko alivyotupenda sisi tuliomfuata baba.

Beki huyo alipanga foleni ya bomba na ndoo yake kama sisi. Timu ikishinda, alirudi nyumbani kwa kusindikizwa. Ikifungwa kwa kosa lake, hakuwa na njia ya kupita. Kutoka kona ya mtaa hadi mlango wetu palikuwa na baraza nne, kila baraza ina wazee, na kila mzee ana neno. Aliamkia, "Shikamoo," akajibiwa, "Marahaba, mwanangu. Ile krosi ulikuwa unaitazama au unaisikiliza?" Alisimama. Hakuwa na ubavu wa kumpita mzee. Alieleza, wakamkosoa, wakamwonea huruma, mmoja akamwagizia kahawa. Alipofika kwetu alikuwa ameshafanyiwa kikao cha tathmini, na benchi la ufundi halijakaa bado.

Viongozi nao hivyohivyo. Mweka hazina wa klabu alikuwa jirani wa mtu, shemeji wa mtu, mdeni wa muuza kahawa. Mapato ya mlangoni ya mechi ya Jumamosi yaliulizwa Jumapili barazani, kati ya magharibi na isha, naye akajua asipojibu leo atapita palepale kesho. Hapakuwa na mkaguzi wa mahesabu mwenye vyeti. Palikuwa na wazee wenye muda na kumbukumbu.

Msinielewe vibaya, sikuja kuipaka mitaa ile asali. Ujirani huo ulizaa pia fitina, makundi, uchawi wa kuchimbia vitu uwanjani na fedha zisizoonekana zilikokwenda. Mgogoro wa Yanga wa miaka ya 1970 ulizaa klabu ya Pan African. Simba nayo imepita mipasuko yake. Lakini hata ugomvi ule ulikuwa wa watu wanaofahamiana, na ulipokwisha walikutana msibani wakabeba jeneza pamoja.

Kilichotuondoa kinajulikana. Katikati ya miaka ya 1980, enzi za Mzee Mwinyi, biashara ilifunguliwa. Bidhaa zikaanza kumiminika kutoka Dubai, baadaye China, na wanunuzi wakaja kutoka mikoani, Kongo, Zambia, Malawi na Komoro. Kariakoo ikawa duka la nchi nzima na la majirani pia. Fremu moja ya chini ikawa inaingiza kwa mwezi zaidi ya vyumba vyote sita kwa mwaka. Hapo nyumba ya udongo na bati, hata ikiwa na historia gani, haina utetezi.

Tena si kila nyumba ilinyang'anywa. Nyingi tuliziuza wenyewe, na ni vizuri tuliseme hilo. Mzee akifariki, anaacha nyumba moja na warithi saba, wanane, wengine wako Tanga, wengine Muscat. Nyumba ya vyumba sita haigawanyiki kwa mirathi, fedha ndiyo inayogawanyika. Dalali alikuja kwetu mara baada ya arobaini ya baba, akakaa barazani, akanywa chai yetu, akamwambia mama, "Bi mkubwa, mmekalia dhahabu halafu mnapikia uji." Hakuwa amekosea kwa hesabu zake.

Sisi tuliingia ubia. Familia inatoa kiwanja, mwenye fedha anajenga, wanagawana. Tulipata apatimenti mbili juu na fremu moja chini. Fremu iliuzwa ili ndugu wapate haki zao. Mama alikaa ghorofani kwa muda, kwenye jengo ambalo apatimenti nyingi ziligeuzwa stoo. Ukifungua mlango asubuhi unakutana na maboksi ya viatu yamepangwa hadi kwenye ngazi. Simba waliwahi kuifunga Yanga akiwa huko. Akafungua mlango ampigie kelele mtu wa Yanga, kama desturi. Hakukuwa na mtu. Wiki ile akaniambia, "Nipeleke kwako Kivule. Huku hata wa kumtania sina." Apatimenti nazo zikauzwa.

Upande wa Jangwani, maji yamefanya kazi ambayo fedha ilifanya Narung'ombe. Mafuriko ya Mto Msimbazi yamewasumbua wakazi kwa miaka na kuugeuza Uwanja wa Kaunda wa Yanga bwawa, na sasa mradi wa kuendeleza bonde la Msimbazi umewalipa wakazi fidia na kubomoa nyumba zao. Sina hoja dhidi ya kuwaokoa watu na mafuriko. Nasema tu kwamba timu inayojiita Wana Jangwani inazidi kubaki na Jangwani isiyo na wana.

Pita leo pale ilipokuwa baraza yetu. Pana fremu ya milango miwili, wanauza jezi. Kwenye bomba moja la chuma wamening'iniza nyekundu na kijani, Simba na Yanga zimegusana mabega, na kijana muuzaji kavaa ya Manchester United. Mtu wa miaka ile angekwambia hilo haliwezekani; kuna kona za mtaa ule ambako hukupita na rangi ya wenzako siku ya mechi ila kama unatafuta maneno. Nikamwuliza, "Mwanangu, wewe timu gani?" Akacheka. "Mama, mimi timu yangu mauzo. Mkishinda nyie nauza, wakishinda wao nauza."

Simlaumu hata kidogo. Alitoa kilemba kupata fremu ile, analipa pango la miezi kwa mkupuo, na jioni anashusha shata na kugombea basi la kurudi Mbagala. Kwake Kariakoo ni kazini. Amekaa pale miaka na hajawahi kuulizwa na mtu yeyote wa klabu yoyote anafikiri nini, wala yeye hajawahi kufikiri kwamba anastahili kuuliza. Kazungukwa na jezi za timu mbili kubwa kuliko zote nchini, umbali wa kutembea kutoka makao makuu yao, na hana ujirani na yoyote.

Wenzetu Uingereza yamewakuta kwa njia nyingine. West Ham waliondoka Upton Park mwaka 2016, uwanja waliokaa tangu 1904, wakahamia uwanja uliojengwa kwa ajili ya Olimpiki. Pale walipokuwa pakajengwa makazi ya kuuza. Huko klabu ilihama, mtaa ukabaki unaitafuta. Kwetu mtaa umehama, klabu zimebaki na anwani. Maumivu yanafanana, ila yetu hayana hata siku ya kuaga, maana tuliondoka nyumba moja moja.

Najua jibu nitakalopewa: "Mama, hayo ni ya kale. Tazama mafanikio." Nimeyatazama, na nimeyashangilia. Mwaka 2023 Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikalikosa kombe kwa mabao ya ugenini tu mbele ya USM Alger ya Algeria. Mwaka 2025 Simba nayo ikafika fainali hiyohiyo, ikafungwa na Berkane ya Morocco. Timu za baraza nne na kahawa ya deni zisingefika huko kwa urahisi. Zilihitaji fedha, wataalamu, ndege, hoteli na mishahara inayolipwa kwa wakati. Sitaki turudi kwenye foleni ya bomba.

Lakini tazameni jambo moja la ajabu. Nenda Chamazi, nje kabisa ya Mbagala, ambako wengi waliouza nyumba mjini walinunua viwanja. Chamazi ina timu ya Ligi Kuu na uwanja wake, Azam FC, mabingwa wa msimu wa 2013/14 bila kupoteza mechi hata moja. Uwanja uko mtaani, taa zake zinaonekana kutoka uani kwa watu. Kwa vitabu vya mpira wa kwingine, kijana wa Chamazi angekuwa Azam tangu tumboni. Muulize. Wengi watakwambia Simba, au Yanga. Wamezaliwa kando ya uwanja wa timu moja wakarithi timu ya mtaa ambao bibi yao aliuza. Hiyo ndiyo nguvu ya Kariakoo: watu wameibeba kwenye mabegi wakaondoka nayo. Jumamosi ukienda kutazama mechi kwenye kibanda umiza chochote cha Kivule, utaikuta Narung'ombe nzima imekaa kwenye mabenchi ya mbao, inabishana vilevile.

Tofauti ni kwamba anayebishaniwa hapiti mlangoni.

Na hapa ndipo penye hoja yangu kwa wakubwa wa klabu zote mbili. Mabadiliko ya uendeshaji yaliyopitishwa na wanachama wa Simba na wa Yanga yalisimama juu ya kanuni kwamba wanachama wabaki na asilimia 51 na wawekezaji wapate 49. Kwenye karatasi, sisi ndio wengi. Sasa niambieni: mwenye 51 anakutana wapi na mwenye 49? Mwenye 49 ana ofisi, mwanasheria na namba ya simu ya kila mtu. Mwenye 51 ni mama wa Kivule, fundi wa Gongo la Mboto, muuza mitumba wa Tegeta. Zamani walikuwa mtaa mmoja, na wingi wao ulionekana kwa macho. Leo wametawanyika pembe zote za jiji, na mkutano mkuu ni siku moja kwa mwaka, watu wengi, ajenda ndefu. Swali dogo la mwanachama kuhusu tawi lake litaulizwa saa ngapi? Hisa bila mahali pa kukutana ni hesabu tu.

Nina mapendekezo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji muujiza.

La kwanza, majengo yale mawili. Kila mmoja anajua ardhi ile ina thamani gani. Dalali aliyekuja kwetu atakwenda na kwao, kama hajafika, akiwa na michoro ya ghorofa nyingi na hesabu tamu za fremu. Jengeni mkitaka kujenga, lakini ghorofa ya chini ibaki ya watu. Wekeni makombe, picha za vikosi vya miaka yote, majina ya waanzilishi, na mabenchi. Mtoto wa Chanika aliyeletwa mjini kununuliwa viatu vya shule awe na mahali pa kuingia bila kununua kitu, aambiwe, "Hapa ndipo timu yako ilipotoka." Muuza jezi naye akichoka aje akae. Kariakoo haina tena baraza hata moja ya kukaa bure. Klabu hizi mbili ndizo zenye uwezo wa kurudisha mbili.

La pili, viongozi wawafuate watu walikohamia. Matawi yapo, tena hai, lakini mara nyingi yanakumbukwa wakati wa kuhamasisha safari na kununua tiketi. Iwekwe ratiba ya msimu inayotangazwa mapema kama ratiba ya ligi: mwezi huu Mbagala, mwezi ujao Chanika, unaofuata Bunju. Aje kiongozi mwenye mamlaka, asije msemaji peke yake. Akae, asomewe maswali, yaandikwe, na kikao kinachofuata kianze kwa kujibu yaliyobaki. Mchezaji mmoja aje naye, hata kwa saa moja. Aulizwe krosi ile alikuwa anaitazama au anaisikiliza. Haitamuua. Beki wetu alicheza vizuri zaidi kwa sababu ya baraza zile, na mwenyewe alilisema.

La tatu ndilo lenye haraka: viwanja vya watoto. Kariakoo bado ina watoto, wachache, wanaokaa juu ya maduka. Kiwanja chao cha karibu chenye hadhi ni cha JMK, Kidongo Chekundu, kilichofunguliwa mwaka 2015. Kilijengwa na kampuni ya umeme ya Symbion Power kwa kushirikiana na klabu ya Sunderland. Sunderland ya Uingereza, ndiyo, ile ambayo jina lake Simba walilivaa kabla ya 1971. Wageni wamekuja kuacha kiwanja hatua chache kutoka makao makuu yetu. Tunawashukuru, na tuone haya kidogo.

Huku pembezoni hali ni mbaya zaidi kwa sababu watoto ni wengi. Tulipohamia Kivule palikuwa na maeneo wazi ambako timu za mchangani zilicheza kila jioni. Moja sasa lina nyumba, lingine lina vigingi vya mpimaji. Kinachotokea kwetu ni Kariakoo kwa mara ya pili: barabara ikiwekwa lami, bei inapanda, eneo wazi linakatwa vipande. Simba na Yanga zikinunua leo kiwanja kimoja kimoja huko tulikohamia, vikasajiliwa kwa jina la klabu visiuzike, zitakuwa zimejipatia nyumbani kupya kabla bei haijawafukuza tena watu wao. Sidhani kama kiwanja cha Kivule kinazidi gharama ya kumsajili winga mmoja wa kigeni, ambaye baada ya msimu mmoja tunaweza kumwacha.

Kuna watakaosema klabu ni biashara na biashara inakwenda kwenye fedha. Ni kweli, na nimeishi na biashara mtaani kwangu, najua inavyokwenda. Biashara ikihama, haimwagi mtu. Muuza jezi alinieleza kwa ufupi: timu yake mauzo. Yeye ana haki ya kusema hivyo. Klabu yenye wanachama haina haki hiyo, kwa sababu siku matokeo yatakapokuwa mabaya na mwekezaji amechoka, kama ilivyowahi kutokea kwa klabu nyingi duniani, watakaobaki kuchangishana ni hawa waliotawanyika. Kuchangishana kunataka watu wanaojuana, na kujuana kunajengwa wakati mambo ni mazuri.

Kadi yangu ya Yanga nitailipia msimu ujao kama kawaida, na ndugu zangu wa upande wa mama watalipia ya Simba. Ombi langu kwa wanachama wenzangu wa pande zote mbili ni dogo. Kabla ya kuuliza tunamsajili nani dirisha hili, simama kwenye tawi lako uulize mambo mawili: kiongozi wetu atakuja lini kukaa hapa, na watoto wa hapa watacheza wapi. Jibu liandikwe kwenye kitabu cha tawi pamoja na jina la aliyelitoa.